Somo la Chuma kwa Mwanafunzi wa Sheria
Mwanafunzi wa sheria, historia au uhasibu akiruhusiwa kuchagua somo moja nje ya fani yake, namsihi achukue sayansi ya malighafi, elimu inayoeleza kwa nini kioo huvunjika na chuma hupinda. Hesabu zisimtishe. Achukue waya wa kufungia nondo, aupinde na kuunyoosha mahali pale pale: utapata joto, utazidi kuwa mgumu, kisha utakatika, naye atakuwa ameonja kwa vidole vyake jinsi mpangilio wa atomu unavyovurugika. Zege nalo haliwi gumu kwa kukauka, kama wengi wanavyodhani. Saruji hushikana kwa kuungana na maji, ndiyo maana fundi mzuri hulimwagilia kwa siku kadhaa. Wakili wa kesi ya jengo lililoporomoka, au mhasibu anayepitisha malipo ya mkandarasi, anahitaji sana kulijua hilo. Na mwanahistoria je? Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti wao kuhusu Wahaya wa Kagera, wakaeleza kwamba zaidi ya miaka 1,500 iliyopita mafundi wa huko walitengeneza chuma cha pua katika tanuu za udongo, kwa mkaa na mivukuto. Wataalamu wamebishana juu ya namna tanuu hizo zilivyofanya kazi, na mabishano hayo huwezi kuyafuata bila kujua kaboni hufanya nini ndani ya chuma. Wakuu wa vyuo, wafungulieni wanafunzi wa sanaa madarasa haya.