WASIA PEKE YAKE HAUTOSHI

Katika nyumba za Wamarekani weusi iko desturi moja ambayo sisi wa Afrika Mashariki yatupasa tuijue. Mtoto wa kiume akikaribia umri wa kuendesha motokaa, na mara nyingi kabla ya hapo, wazazi wake humkalisha chini wakampa wasia. Humwambia: polisi akikusimamisha, weka mikono yote miwili juu ya usukani aione. Usitie mkono mfukoni. Usikimbie. Usijibu kwa ukali hata ukitukanwa. Rudi nyumbani mzima, mengine tutayasema baadaye.

Wasia huo hautolewi kwa kijana mwizi. Hutolewa kwa mwana wa mwalimu, mwana wa mchungaji na mwana wa daktari. Kosa lao ni rangi yao.

Sisi hatuudharau wasia huu. Mzazi anayeutoa anataka mwanawe aishi, na hakuna mwenye haki ya kumcheka. Lakini twasema wazi kwamba mazungumzo ya namna hiyo yakiishia hapo humbebesha mnyonge mzigo wa mwenye nguvu. Kijana anafundishwa adabu. Je, polisi anafundishwa na nani? Kijana anabadili mwendo wake. Je, sheria itabadilishwa na nani?

Wazee wetu waliipita njia hiyo. Huko Kenya serikali ya mkoloni ilitunga sheria ya kipande mwaka 1915, ikaanza kuitumia baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia miaka 16 alilazimishwa kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake. Wengi waliitia katika kikopo cha bati wakakitundika shingoni, kama mbuzi aliyevikwa kengele. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amemwacha, mtu huyo hakuweza kuandikwa kazi kwingine. Mtu mzima mwenye wajukuu aliitwa "boi" na kijana wa Kizungu. Na neno hilo hilo ndilo aliloitwa mwanamume mweusi katika majimbo ya kusini ya Marekani.

Hapana shaka baba wengi wa siku zile nao waliwausia wana wao: usisahau kipande, usibishane na askari. Wasia huo haukukiondoa kipande. Mambo yalianza kugeuka mwaka 1921, watu wa Nairobi walipoyatoa manung'uniko yao majumbani wakayapeleka katika mikutano ya hadhara pamoja na Harry Thuku na chama cha East African Association. Hapo swali halikuwa tena "kijana afanye nini asikamatwe?" Swali likawa "kwa nini iko sheria ya kumkamata?"

Mkoloni aliiona hatari hiyo upesi. Alimtia Thuku mbaroni Machi 1922, na tarehe 16 ya mwezi huo risasi zikapigwa katika umati uliokuja kudai aachiliwe. Serikali yenyewe ilikiri kwamba walikufa watu zaidi ya 20. Mmoja wao alikuwa Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke, ingawa kipande kilikuwa cha wanaume. Na mwaka 1947, sheria mpya ilipotaka watu wa rangi zote waandikishwe na kuweka alama za vidole, masetla walipiga kelele kwamba wanadhalilishwa! Jambo lililoitwa utaratibu kwa Mwafrika liligeuka kuwa tusi lilipomfikia Mzungu.

Sasa turudi Marekani tuone kama si habari ile ile. Agosti 1955, Emmett Till, mtoto wa miaka 14 kutoka Chicago, aliuawa huko Mississippi kwa kusingiziwa kumvunjia heshima mwanamke wa Kizungu dukani. Waamuzi 12, wote wanaume na wote Wazungu, waliwaachilia wauaji wawili, ambao mwaka uliofuata walikiri kosa lao gazetini. Lakini mama yake Till alikataa kulia chumbani. Alitaka jeneza liachwe wazi ili watu wote waone lililotendwa.

Desemba ya mwaka huo huo, baada ya Rosa Parks kukamatwa katika basi mjini Montgomery, watu weusi walikutana kanisani. Walieleza uchungu wao, kisha wakakata shauri: hatupandi mabasi. Walitembea kwa miguu siku 381, mpaka Mahakama Kuu ya nchi ilipoitangua sheria ya kutenga viti. Hayo ndiyo mazungumzo yenye mwisho.

Mei 25, 2020, George Floyd aliuawa mjini Minneapolis, polisi amempigia goti shingoni. Dunia nzima ilikutana na kuzungumza. Polisi yule alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 22. Lakini mswada wa kuwarekebisha polisi uliopewa jina la Floyd ulipita katika Baraza la Wawakilishi Machi 2021, ukakwama katika Seneti. Na sheria ya kukomesha mauaji ya makundi, yenye jina la Emmett Till, ilitiwa sahihi Machi 2022, zaidi ya miaka 66 baada ya mtoto yule kuzikwa. Mnyonge asipokaza kamba, sheria huja kwa mwendo wa kobe.

Na Afrika je? Julai 1964 Malcolm X alikuja Cairo kuwaomba wakuu wa nchi za Afrika wasiwasahau ndugu zao, nao wakapitisha azimio juu ya ubaguzi wa Marekani. Juni 2020 nchi zetu ziliitisha mjadala wa haraka huko Geneva. Azimio la kwanza lilitaka tume ya kuichunguza Marekani. Lilipopitishwa, tume ilikuwa imekwisha kuondolewa, limebaki ombi la ripoti. Twauliza: tulimwogopa nani?

Basi ndugu wananchi, mkutano wowote unaoitishwa kuzungumza dhuluma hii, uwe Chicago au Mombasa, uulize mambo matatu kabla watu hawajatawanyika. Ni sheria gani inayomwonea mtu huyu? Ni nani anayeilinda? Sisi tutafanya nini kabla ya kukutana tena? Mkutano usiojibu hayo ni kelele za chura, hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Baba na aendelee kumwusia mwanawe. Lakini akimaliza, avae viatu aende mkutanoni, na mwanawe amfuate.