Githeri bila tunda

Chakula cha mchana katika shule nyingi za umma mjini Kisumu, pale kinapopatikana, ni githeri au wali na maharagwe. Kinashibisha, lakini tunda halimo. Mpango wa kitaifa wa chakula shuleni unaotegemea mazao ya nchini, ulioanza 2009, ulijengwa juu ya nafaka, kunde, mafuta na chumvi: vitu visivyooza ghalani.

Pengo hilo si dogo. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe hufyonzwa vizuri zaidi yakiliwa pamoja na vitamini C, na katika ukanda huu wa ziwa malaria huwapunguzia watoto damu. Pera, ambalo wengi hulidharau, lina vitamini C nyingi kuliko chungwa.

Kuwahubiria watoto wa mitaa ya mabanda ya Nyalenda, Manyatta au Obunga faida za matunda ni kazi bure. Nyumbani pesa huishia kwenye unga, omena na makaa. Tunda linapaswa kuwa mezani shuleni, limeoshwa kwa maji safi (kipindupindu si mgeni Kisumu) na kukatwa vipande, kwani mtoto mdogo hula kipande upesi kuliko tunda zima. Soko la Kibuye hupokea ndizi na parachichi kutoka Kisii. Shule zinunue kidogo kidogo kwa wachuuzi wa hapo.

Kikatiba, shule za msingi ziko chini ya serikali kuu. Chekechea, hata hivyo, ni za kaunti, na Kisumu inaweza kuanzia huko katika bajeti ijayo.