Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Kituo cha Tathmini

KUH: BINTI YANGU WA MIAKA 15

Bwana Mkuu,

Jina la kituo chako silitaji, ila faili unayo, na sahihi iliyo chini yake ni ya afisa wako. Ameandika kwamba binti yangu hana usonji kwa kuwa anasalimia vizuri na kumtazama mtu machoni. Kwa sentensi hiyo amerudi shuleni bila karatasi ya kuthibitisha hali yake, na bila karatasi walimu wanaendelea kumwita mkaidi.

Nikueleze afisa wako alichokuwa akitazama. Sisi ni watu wa Busia, na nusu ya ukoo wetu iko Tororo, upande wa Uganda. Binti yangu amekulia katika salamu nyingi: Kiswahili sokoni, Kisamia kwa nyanya yake, Kiteso kwa majirani, na tukivuka mpaka, kuwapigia magoti wakubwa. Wenzake waliyaokota hayo wakicheza. Yeye aliyasomea. Huwachunguza binamu zake, kisha hujifungia chumbani akirudia sauti, tabasamu na wakati wa kucheka. Machoni hamtazami mtu. Binamu yake alimfundisha kuelekeza macho katikati ya nyusi, na hapo ndipo alipomtazama afisa wako. Tena kwetu msichana mwenye adabu huinamisha macho mbele ya mkubwa. Angetazama sakafu, angesifiwa kwa malezi mema. Kwa kipimo hicho hangeonekana, afanye lolote.

Jioni ndipo anapolipa. Haongei, hali, anajifunika shuka gubigubi mpaka usiku. Afisa wako hakuuliza habari za jioni, si kwangu wala kwake.

Kuficha usonji kwa kuigiza hivi kunapimika, Bwana Mkuu. Mwaka 2017 Meng-Chuan Lai na wenzake walipima pengo kati ya tabia zinazoonekana kwa nje na yale mhusika anayoyaeleza kutoka ndani. Mwaka 2019 Laura Hull na wenzake, Uingereza, wakachapisha dodoso la maswali 25 ambalo mhusika hujijibia mwenyewe, kwa daraja la 1 hadi 7: kama hujifunza kwa kuwaiga wengine, kama huhisi anaigiza akiwa na watu. Lilitungwa kwa Kiingereza kutokana na majibu ya watu wazima, na halina swali hata moja kuhusu kupiga magoti, kwa hiyo sidai mlichukue lilivyo. Lakini ujuzi wa kurekebisha vipimo tunao. Uganda, Angelina Kakooza-Mwesige wa Makerere na wenzake walichapisha mwaka 2014 dodoso la maswali 23 walilolirekebisha kwa watoto wa miaka 2 hadi 9. Kilifi, watafiti wamekuwa wakiandaa vipimo vya usonji kwa Kiswahili. Mtoto akishabalehe, nani anamshughulikia?

Bila karatasi hapati muda wa ziada wa mtihani. Bila karatasi hatuwezi kuomba kadi ya ulemavu. Bila karatasi, siku alipoziba masikio ngoma zikipigwa kwenye gwaride, alitolewa mstarini akafyeke nyasi mbele ya wenzake, na mimi sikuwa na cha kumwonyesha mwalimu.

Wala si kituo chako peke yake. Tathmini zetu humwona mtoto anayepiga kelele na kuvunja vitu. Msichana mtulivu hupongezwa na kurudishwa nyumbani, hata akiwa anaumia.

Nataka faili ifunguliwe upya. Binti yangu ahojiwe peke yake, polepole, kwa lugha atakayoichagua. Atazamwe shuleni wakati wa mapumziko, na sisi tunaoishi naye tuulizwe yanayotokea jioni. Majibu yaje kwa maandishi kabla ya muhula ujao, yakitaja kipimo kilichotumika.

Nanyi wazazi wa Busia na Tororo mliopewa jibu kama langu, msitoke ofisini kabla hamjaambiwa mtoto wenu alipimwa kwa kipimo gani.

Mama mzazi,
Busia