Mawingu ya Kuazima Juu ya Buluk

Wahenga walituachia neno kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Katika makala haya tunataka kuuliza swali moja tu: mawingu yaliyotolewa katika negativu nyingine na kupachikwa juu ya mandhari ya Buluk, mjini Juba, ni dalili ya nini? Tunauliza kwa sababu ufundi huu wa chumba cha giza, uliodhaniwa kuwa ulikwisha zikwa pamoja na vioo vya karne ya 19, umefufuka katika sura mpya. Leo mwenye simu hubonyeza mara moja, mbingu ikabadilika. Wapo wenzetu wanaoona si vibaya picha za namna hiyo kutumiwa katika kufundishia Kiswahili. Husema, "Kuna ubaya gani? Picha ni pambo la somo." Sisi twasema ubaya upo, na hatuna budi kuueleza.

Kwanza tuwatendee haki mafundi wa zamani. Vioo vilivyopakwa dawa ya kolodioni, ambavyo vilianza kutumika mwaka 1851, viliona samawati na zambarau upesi mno, bali kijani na nyekundu viliziona kwa shida. Mpigapicha aliyefungua lenzi muda wa kutosha kuipata ardhi na miti, alikuta mbingu imekwisha pokea mwanga kupita kiasi. Katika negativu ikawa nyeusi nzito, na juu ya karatasi ikatoka nyeupe tupu kama shuka. Aliyeifunga lenzi mapema ili ayapate mawingu, alipata ardhi nyeusi kama makaa. Basi ikabidi kupiga mara mbili, moja kwa ajili ya ardhi au bahari, na moja kwa ajili ya mbingu, kisha kuziunganisha katika karatasi moja. Hivyo ndivyo alivyofanya Gustave Le Gray wa Ufaransa katika baadhi ya picha zake mashuhuri za bahari za mwaka 1856 na 1857.

Kazi yenyewe si ya mzaha. Fundi huiweka negativu ya ardhi, akaiziba sehemu ya mbingu kwa karatasi nyeusi iliyokatwa kufuata upeo wa macho, akapitisha mwanga. Kisha hugeuza mambo: huiziba ardhi, akaiweka negativu ya mawingu, akapitisha mwanga mara ya pili. Kwa mashine ya kukuzia, kadi hushikwa kati ya lenzi na karatasi, nayo hutikiswa polepole muda wote ili mshono usionekane. Ndipo karatasi itiwapo katika dawa ya kusafishia. Akikosea kidogo, utepe mweupe au mweusi huzunguka kilele cha mlima na kumfichua. Hatuidharau hata kidogo kazi ya mikono kama hiyo.

Lakini yafaa ikumbukwe kwamba sababu ya kazi hiyo ilikuwa upungufu wa kioo. Mwaka 1873 Hermann Vogel wa Ujerumani aligundua kwamba rangi fulani zikitiwa katika dawa ya kioo hukiwezesha kuona kijani. Na mwanzoni mwa karne ya 20 zikafuata dawa zilizoweza kuona rangi zote. Kwa msaada wa kichujio cha manjano mbele ya lenzi, ardhi na mawingu viliweza kukaa pamoja katika negativu moja. Hata pale mbingu inapotoka nyeupe, mara nyingi mawingu yamo humo humo ndani ya negativu. Fundi akiiongezea sehemu hiyo sekunde kadhaa za mwanga, yatajitokeza. Kwa hiyo, anayeazima mbingu nyingine leo hawezi kujitetea kwa hoja ya Le Gray. Le Gray alilazimika; huyu amependa.

Tutajibiwa kwamba sanaa haina mipaka. Tunakubali. Oscar Rejlander alipounganisha negativu zaidi ya 30 mwaka 1857 ili kufanya picha moja ya mafumbo kuhusu njia mbili za maisha, alitunga kama mtunzi wa tamthilia atungavyo, na hakudai kuwa watu wale walikutana mahali pamoja. Shida huanza pale picha inapodai ushahidi. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Frank Hurley, mpigapicha rasmi wa jeshi la Australia, alitengeneza huko Ubelgiji picha ya asubuhi baada ya mapigano ya Passchendaele, akaitilia mbingu yenye miali ya jua ikipenya mawinguni. Charles Bean, aliyekuwa akiandika historia ya jeshi hilo, alizipinga kwa ukali picha za kuunganisha za namna hiyo. Hurley alijitetea kuwa negativu moja haitoshi kueleza ukubwa wa vita. Sisi tuko upande wa Bean. Waliolala matopeni hawakumulikwa na miali ile, na anayewamulika baada ya kufa kwao anaipunguza dhiki yao.

Sasa turudi Buluk. Mvua za Juba huanza kiasi cha Aprili na kuendelea hadi Oktoba. Kuanzia Desemba hadi Machi ni kiangazi, majani huchomwa, vumbi na moshi huifanya mbingu kuwa ya kijivu hafifu, na Jebel Kujur, upande wa magharibi, huonekana kama kivuli. Chukua picha ya Buluk ya Januari, uitilie mawingu mazito yaliyopigwa Mombasa au Zanzibar. Mwenye kuitazama ataona ardhi kavu chini na masika juu. Vivuli vya miti vitaelekea huku, na jua la mawingu litatoka huko huko. Ikiwa Nili Nyeupe imo katika picha, maji hayatakuwa na wingu hata moja la yale yaliyo juu yake. Mtoto wa mkulima atagundua kabla ya mwalimu, kwani kwao kusoma mawingu ni kujua siku ya kupanda. Je, mtoto huyo ataamini nini katika mengine tunayomfundisha?

Na hapa ndipo jambo linapotugusa sisi walimu wa lugha. Sudani Kusini ilitia sahihi Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 15 Aprili 2016, na Kiswahili kinahitaji walimu huko. Maneno tunayoyabeba yana mbingu yake. Masika na vuli ni mvua mbili za Pwani. Juba ina msimu mmoja mrefu. Kusi na kaskazi ni pepo za mabaharia. Mwalimu anayeonyesha picha ya Buluk yenye mbingu ya Pwani na kuuliza, "Haya ni majira gani?" hana jibu sahihi la kumpa mwanafunzi, maana swali lenyewe limeghushiwa. Wala Buluk haihitaji kupambwa ili iingie katika Kiswahili. Neno buluk ni la Kituruki, likaingia katika Kiarabu cha Sudani kwa maana ya kikosi cha askari. Na katika msafara huo huo wa askari wa Sudani walioshuka Uganda na Kenya mwishoni mwa karne ya 19, tulipata maneno ombasha na shaushi. Hayo ni mambo ya kufundisha mbele ya picha ya kweli.

Wengine watasema kwamba mbingu nyeupe inachosha macho. Waama, mbingu nyeupe ya Januari ndiyo Januari yenyewe. Mwulize mwanafunzi kwa nini ni nyeupe, nawe utakuwa umepata somo zima la vumbi, moshi, kiangazi na mavuno.

Basi tunawataka walimu wenzetu mambo matatu. Picha ya mahali iandikwe mahali, mwezi na mwaka. Picha iliyounganishwa, iwe kwa negativu mbili au kwa simu, iandikwe wazi chini yake kwamba imeunganishwa. Na wanafunzi wafundishwe kuihoji picha kama wanavyoihoji habari: jua liko wapi, kivuli kimelala wapi, maji yanaonyesha nini. Asiyekubali kuandika neno "imeunganishwa" chini ya picha yake, na aiondoe darasani.