Tusimwache Mungu Kwenye Mkesha



Usiku wa tarehe 31 Desemba makanisa hujaa. Watu huimba, husali na kutoa ahadi. Huyu anasema ataacha pombe. Yule anasema hatakosa ibada hata mara moja. Ni jambo jema. Lakini ikifika katikati ya Januari, ahadi nyingi zimekwisha kusahauliwa.

Mimi sioni kwamba watu wana mioyo mibaya. Januari yenyewe ni ngumu. Shule zinafunguliwa. Kweli, ada katika shule za serikali, tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne, imeondolewa. Lakini sare, viatu na madaftari bado vinataka fedha. Dodoma na Singida mashamba yanataka palizi, na ghalani chakula kinapungua. Mtu aliyelala na madeni huamka na madeni. Mungu atamkumbuka saa ngapi?

Wakati huo huo hutokea watu wanaouza baraka. Mmoja anauza maji, mwingine mafuta, mwingine anadai atakusomea nyota ya mwaka mzima. Mwenye shida hununua upesi. Nasema wazi: fedha ya madaftari isiende huko. Baraka ya Mungu haina bei. Wala Mungu hatakupalilia shamba. Jembe ni lako.

Sasa wewe unajua kusoma. Zamani ulingoja mchungaji au shehe akusomee. Leo unaweza kufungua kitabu mwenyewe. Biblia ya Kiswahili ya Union Version ilitoka mwaka 1952. Tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ilitoka mwaka 1969. Humo mna maneno magumu. Yakikushinda, yaandike, uyalete darasani.

Usiahidi kumaliza Biblia nzima. Ina sura 1,189! Anza na Zaburi. Ziko 150. Ukisoma moja kila siku tangu tarehe 1 Januari, utazimaliza mwishoni mwa Mei. Piga hesabu mwenyewe: Januari siku 31, Februari 28, Machi 31, Aprili 30. Jumla ni 120. Zimebaki 30. Zaburi ya 117 ina mistari 2 tu. Ile ya 119 ina mistari 176; hiyo igawe kwa siku kadhaa, hakuna anayekukimbiza.

Mwaka wa Waislamu huanza mwezi wa Muharram, nao hutangulia kwa siku kama 11 kila mwaka katika kalenda ya ukutani. Kazi ni ile ile. Kurani ina sura 114, na za mwisho ni fupi. Mwislamu aweza kuanza na hizo, asome na maana yake kwa Kiswahili.

Chagua wakati usiobadilika. Kwa maoni yangu, asubuhi kabla ya kushika jembe ni bora kuliko usiku, maana usiku macho yamechoka na taa ni hafifu. Dakika 10 zinatosha. Soma kwa sauti, ili watoto wasikie, na bibi asiyeona vizuri asikie pia. Ukikosa siku moja, usirudi mwanzo. Fungua pale ulipoishia.