Kabla hujauza cherehani ya mama ukaenda Nairobi

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, na najua hii ni wiki ya tatu. Mniwie radhi. Leo kuna jambo limenikaa kooni na nisipolitema sitaandika hata mstari mmoja wa programu.

Juzi jioni jirani yangu hapa Muyeye, mama anayeshona sare za shule, alikuja kuniuliza kama namjua mtu wa kununua cherehani. Nikadhani imeharibika. La, ni nzima kabisa. Anataka kuiuza pamoja na mbuzi watatu ili mwanawe aende Nairobi miezi mitatu. Kijana anasomea kompyuta, chuo kinamtaka afanye mafunzo ya kazini, na kampuni moja huko imemkubali. Malipo? Hakuna. Nauli? Hakuna. "Lakini ni Nairobi, mwanangu," akaniambia, "na wewe si ulianzia huko huko?"

Hapo ndipo nilipokasirika, na wala sikumkasirikia yeye.

Niliwakasirikia washauri. Huyu kijana ameshashauriwa na mtaa mzima. Usitoe simu River Road. Usigeuke ukiitwa na mtu usiyemjua. Usiteremke kwenye basi alfajiri kabla watu hawajajaa barabarani. Chukua sweta, mji uko karibu mita 1,700 juu ya bahari na Julai utatetemeka. Kaza Kiswahili chako, wakikusikia unasema kama mtu wa pwani watakuongezea bei. Ushauri mzuri, sina neno nao. Mimi mwenyewe nasaidia hapo: ukipanda treni ya Miritini, jua inaishia Syokimau, si mjini, kwa hiyo weka nauli nyingine.

Lakini jamani, mimi nimeishi Nairobi. Simu niliibiwa mara moja, nikaumia wiki moja, nikanunua nyingine. Aliyenirudisha nyumbani hakuwa mwizi. Ilikuwa hesabu. Na katika washauri wote wa baraza hakuna hata mmoja aliyechukua karatasi akamwandikia huyu kijana hesabu.

Basi tuliandika sisi wawili usiku ule, kwa bei alizoulizia yeye mwenyewe. Chumba 7,000. Amana ya mwezi mmoja, 7,000 nyingine, maana mwenye nyumba hakufungulii mlango bila hiyo. Godoro, blanketi, mtungi mdogo wa gesi na sufuria, 8,000 kwa kubana sana. Nauli ya kwenda kazini na kurudi 200 kwa siku, siku 22, ni 4,400 (na hiyo ni siku zisizo na mvua, Nairobi mvua ikinyesha makanga anapandisha nauli papo hapo na hakuna wa kumwuliza). Chakula 300 kwa siku, 9,000. Maji, tokeni za stima na bando, 3,000. Mwezi wa kwanza umekula 38,400. Miezi miwili inayofuata, 23,400 kila mmoja. Ongeza basi la kwenda na kurudi, 3,600. Jumla 88,800. Ile amana usiitie mfukoni bado: ukihama utakatwa pesa za rangi, hata kama ukuta umeuacha mweupe kuliko ulivyoukuta.

Cherehani haifiki hata robo ya hizo pesa. Na cherehani ikishaondoka, Januari sare zitashonwa na nani? Mdogo wake yuko darasa la saba.

Sisi waandishi wa programu tuna mazoea mazuri. Kabla ya kuweka programu kwenye mashine tunasoma inahitaji kumbukumbu kiasi gani, nafasi kiasi gani. Mashine isipotosha hatusemi mashine ni mvivu. Lakini mtu wa pwani akienda Nairobi akarudi baada ya miezi miwili, mnasema nini? "Hawa watu wa pwani hawana bidii, wanapenda madafu na upepo." Nimeisikia hiyo ofisini kwa masikio yangu, ikisemwa na mtu aliyelala kwa mjomba wake South B miaka miwili bila kulipa hata tokeni.

Hapo ndipo penye siri yenyewe. Mafunzo yasiyo na malipo Nairobi si ya kila mtu. Ni ya mwenye mjomba Nairobi. Kampuni haiandiki hivyo kwenye tangazo, inaandika "tunakaribisha vijana wote wenye ari", kisha inashangaa mbona vijana wote wenye ari wametoka Kiambu, Kajiado na mitaa ya Nairobi yenyewe. Ari ya kijana wa Muyeye, wa Garsen, wa Lodwar, iko pale pale. Kilichokosekana ni kitanda.

Na kazi wanayofanya hawa vijana msinidanganye kuwa ni kupika chai. Mwaka 2011 nilifanya mafunzo kama hayo kwa kampuni moja ambayo jina silitaji. Nilikaa Umoja, napanda matatu mpaka mjini, navuka kwa miguu, napanda nyingine mpaka barabara ya Ngong. Mwezi wa pili niliandika sehemu ya kutoa stakabadhi katika programu waliyomwuzia mteja kwa pesa nzuri. Siku walipolipwa walinunua keki. Mimi nilikula vipande viwili kwa sababu tangu jana yake sikuwa nimekula.

Sasa najua mtaniambia: lakini wewe Nairobi imekufaa. Kweli, na sitakataa. Wakati ule hapa Malindi ulikuwa unakaa saiba unalipa kwa dakika huku ukurasa unafunguka nusu. Nyaya za baharini zilikuwa zimefika Mombasa 2009, lakini utamu wake ulikuwa unapita juu ya vichwa vyetu kwenda bara. iHub ilikuwa imefunguliwa 2010 pale barabara ya Ngong, unaingia na laptopu yako, mtandao wa kasi, na mtu wa meza ya pili anajua jambo ambalo wewe limekushinda wiki nzima. Mteja wangu wa kwanza wa maana nilijuana naye nikiwa kwenye foleni ya kahawa. Anayesema Nairobi haina kitu ni mwongo au hajafika.

Lakini angalieni vizuri nilichopata. Nilipata watu. Sikupata kiti. Na watu hao nilijuana nao katika majuma machache, jioni jioni, si katika yale masaa niliyokuwa nimebanwa kwenye foleni ya magari Jogoo Road. Ningekwenda wiki mbili, nimejipanga, nina miadi na watu watano, ningerudi na yale yale kwa bei ya mbuzi mmoja.

Ndiyo maana neno "lazima uwepo ofisini" linanichoma. Lazima kwa nani? M-Pesa ilianza 2007, na mpaka 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani. Mama wa sokoni hapa Malindi alikuwa akituma shilingi mia kwa dadake wa Mambrui, na hesabu inafanyika Ulaya. Hakuna aliyesema seva lazima zipande matatu. Ushahidi ilipoundwa Januari 2008, nchi ikiwaka, Ory Okolloh alikuwa amesharudi Afrika Kusini na David Kobia alikuwa Marekani. Wakaandikiana, wakajenga kitu kwa siku chache, dunia nzima ikakitumia.

Na 2020 je? Tarehe 6 Aprili serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka Nairobi, siku mbili baadaye ikafunga na Kilifi yetu hii. Mpaka mwanzoni mwa Julai Nairobi ilikuwa haiingiliki. Programu zilisimama? Kampuni zile zile zilizokuwa zikiapa kwamba mwanafunzi hawezi kufundishwa kwa mbali zilifanya kila kitu kwa mbali, wakubwa wakiwa wamevaa shati juu na kikoi chini. Kisha njia zikafunguliwa na lazima ikarudi kuwa lazima.

Halafu kuna hii dhana kwamba teknolojia ni mali ya bara na sisi huku tulipewa samaki. Nenda Ngomeni. Pale baharini, kwenye jukwaa la San Marco, Waitaliano walianza kurusha roketi 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ikapewa jina Uhuru kwa ajili ya sikukuu yetu. Wazee wa hapa waliziona kwa macho zikipaa. (Kwa nini hazikutuachia hata shule moja ya maana ya uhandisi ni makala nyingine, na hiyo nitaiandika nikiwa nimekunywa maji kwanza.)

Sisemi mtu asiende. Kijana akiwa na barua inayotaja mshahara, aende kesho, nitambebea sanduku mpaka kwenye basi. Akiwa na mwenyeji wa kumlaza miezi mitatu, aende, apeleke nazi na asaidie kulipa stima. Akiwa na pesa zake za miezi mitatu ambazo zikipotea hakuna atakayelala njaa nyumbani, aende, atajifunza mengi. Asiye na hata moja katika hayo, mnamtuma kwenda kufanya nini?

Wala sisemi huku ni peponi. Stima inakatika hapa Muyeye wakati unapakia kazi ya mteja. Faiba imefika mitaa fulani na mingine imerukwa kama vile wana ukoma. Na ukikaa peke yako mwaka mzima bila mtu wa kukusahihisha msimbo wako, unakuwa na kiburi na makosa yako yanazeeka nawe. Hayo nayajua, yamenikuta.

Lakini mafunzo ya miezi mitatu? Kilifi mjini kuna KEMRI na Wellcome Trust tangu 1989, wana takwimu za afya za watu maelfu kwa maelfu na hizo takwimu zinashughulikiwa na watu wanaojua hifadhidata. Kuna Chuo Kikuu cha Pwani. Kuna ofisi za kaunti. Nafasi ni chache na wanaozitaka ni wengi, nakubali, lakini matatu ya Kilifi inaondoka asubuhi na jioni kijana analala kwao. Washauri wa baraza hakuna hata mmoja aliyemwambia apeleke barua huko. Kwao isipokuwa Nairobi haihesabiwi.

Tumepeleka barua mbili. Vilevile niliiandikia ile kampuni ya Nairobi kwa adabu zote, nikawauliza kama kijana anaweza kufanya kazi yao akiwa huku, aende mara moja kwa mwezi kuonana nao. Nikawaambia nitamsimamia mimi, na mtandao ni wangu. Hawajajibu.

Mama yake akaniuliza swali ambalo nilijua litakuja: basi si umchukue wewe? Nikababaika. Chuo kinataka muhuri wa kampuni, na mimi ni mtu mmoja, meza moja na feni. Na nikimchukua bila kumlipa nitakuwa nimeandika haya yote bure. Nimepiga hesabu zangu pia. Naweza chakula cha mchana na kitu kidogo kila Ijumaa. Si mshahara, na siuiti mshahara. Muhuri nimeanza kuushughulikia. Kusajili jina la biashara si kazi kubwa, nilikuwa mvivu tu (naam, mvivu, hapo mnaweza kunicheka).

Tangu jana anakuja saa mbili asubuhi. Nimempa hitilafu moja iliyonishinda mwezi mzima kwenye programu ya mteja wa hoteli, tarehe za wageni zinaruka siku moja mbele. Ameshagundua inaanzia wapi.

Mnunuzi wa cherehani atakuja kutoka Maweni Jumamosi. Mama amesema atasubiri mpaka siku hiyo, zaidi ya hapo hawezi. Mwenye nafasi ya mafunzo hapa Malindi, Watamu au Kilifi, yenye muhuri na angalau nauli, aniandikie barua pepe kabla ya Ijumaa jioni.

Ya hifadhidata yatakuja, stima ikikubali.