Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Bukombe

YAH: KUMSAIDIA MGONJWA WA SAIKOSISI NA KUWALINDA WANAOMUUGUZA

Saikosisi ni hali ya ugonjwa inayomfanya mtu ashindwe kutofautisha yaliyopo na yasiyokuwapo. Mgonjwa husikia sauti wasizozisikia wenzake, au hushikilia jambo lisilotikiswa na hoja yoyote: kwamba jirani amemtegea sumu, kwamba mtangazaji wa redio anamsema yeye. Mara nyingi huanza ujanani, na huanza kimyakimya: usingizi hukatika siku kadhaa, kijana hujitenga, huacha kuoga, huongea peke yake. Skizofrenia, mojawapo ya magonjwa yanayoleta hali hiyo, ilikadiriwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 kuwapata watu wapatao milioni 24 duniani, yaani takriban mtu 1 kati ya 300.

Katika ukanda wetu wa dhahabu zipo sababu za ziada. Bangi na pombe kali huamsha ugonjwa au huuzidisha. Zebaki inayochomwa na wachimbaji wadogo hutoa mvuke unaodhuru ubongo, na aliyeuvuta kwa muda mrefu hutetemeka, husahau na kubadilika tabia. Malaria kali humfanya mtu aweweseke. Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o na uliosababisha watu wengi wa magharibi mwa Tanganyika kuhamishwa enzi za Waingereza, nao huvuruga akili. Kwa hiyo mtu aliyechanganyikiwa ghafla, hasa mwenye homa, ni mgonjwa wa dharura. Apimwe damu kwanza, kabla familia haijatafuta nani kamloga.

Usiku mgonjwa anapozidiwa, mwano, yaani ukelele wa kuomba msaada, hupigwa na sungusungu hufika. Jeshi hilo la jadi lilizuka Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe na majambazi, na mgonjwa naye huishia kufungwa kama mwizi. Kamba ikikazwa, vidole huvimba na kufa ganzi. Anayelazwa kifudifudi huku amekaliwa mgongoni anaweza kukosa pumzi akafa. Akipona, atakumbuka ni nani waliomfunga, na safari nyingine atawakimbia hao hao wanaotaka kumsaidia.

Wagonjwa wengi wa saikosisi hawamdhuru mtu. Mara nyingi zaidi wao ndio hupigwa na kudhulumiwa. Hata hivyo hofu inaweza kumfanya mgonjwa ajihami, na familia ina haki ya kujilinda. Umati utawanywe, redio izimwe, abaki mtu mmoja au wawili anaowaamini. Msemaji awe mmoja, kwa sauti ya chini na maneno machache: "Naona una hofu. Nipo hapa." Asimbishie kuhusu sauti anazosikia, wala asijifanye anazisikia. Akae karibu na mlango bila kumzibia mgonjwa njia, na asimguse kabla ya kumwambia. Panga, shoka, sururu na viuatilifu vya pamba na tumbaku viondolewe mapema, wakati bado ametulia. Watoto wapelekwe kwa jirani. Aliyesema anataka kufa asiachwe peke yake, na njia ya kwenda kwenye maduara, yaani mashimo ya machimbo, yaliyoachwa wazi ilindwe. Mgonjwa akishika silaha, wote watoke nje, waite uongozi wa kitongoji, polisi na wahudumu wa afya. Kumkimbia kwa wakati huo si kumtupa.

Tiba ipo. Haloperidoli, olanzapini na sindano ya kila mwezi huwatuliza wengi, ingawa nafuu kamili huchukua wiki kadhaa. Baadhi ya dawa hukakamaza shingo au kutetemesha mikono. Mgonjwa aliyeonywa hurudi kliniki kurekebishiwa, na asiyeonywa huzitupa na kudhani amelogwa upya. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kumlaza hata asiyekubali. Lakini hospitali ya Bugando iko Mwanza, na hospitali ya Mirembe, iliyofunguliwa mwaka 1927, iko Dodoma. Familia iliyouza mbuzi kumpeleka huko mara moja haiwezi kumrudisha huko kila mwezi.

Kwa sababu hiyo Halmashauri inaombwa mambo matatu. Kwanza, dawa za magonjwa ya akili zisikosekane katika vituo vya afya na zahanati, na kila kituo kiwe na mhudumu aliyefundishwa kuzitoa. Pili, sungusungu, viongozi wa vitongoji, waganga wa jadi, mapadri, wachungaji na mashehe wafundishwe namna ya kumtuliza mgonjwa na mahali pa kumpeleka. Tatu, uwekwe utaratibu wa usafiri wa dharura unaomhesabu mgonjwa wa akili sawa na mama mjamzito aliyezidiwa. Yafanyike haya, ili siku mwano ukipigwa, wanaofika wajue wamekuja kumuuguza mtu wao.